Chale za Konrodi

6 Machi

Kaka,

Hujambo huko kwenye kiwanda chako cha mashati? Sisi wazima, isipokuwa Mama na goti lake, na Baba na ulimi wake. Najua utauliza kwa nini sikupiga simu ya dukani kwenu. Mambo haya nikiyasema kwenye simu ya duka yatasikilizwa na kila aliyekuja kununua kiberiti, na upande huu Mama atakuwa amesimama nyuma yangu ananisukuma begani nisisahau kukusalimia. Kwa hiyo nakuandikia, na usicheke mwandiko.

Mwenye kiwanja anataka kiwanja chake. Gereji inahama mwisho wa mwezi wa sita, kule nyuma ya karakana ya maseremala. Baba amekubali bila ugomvi, jambo ambalo limetutia wasiwasi. Macho yake yanafifia, Kaka. Bolti anaitafuta kwa vidole siku hizi. Ameniambia gereji mpya itakuwa mikononi mwangu, halafu akabadilisha mazungumzo kabla sijaona haya.

Sasa, kila kitu kinahama isipokuwa pikapu. Baba amemwita mnunuzi wa vyuma chakavu aje aichukue kama ilivyo. Bado iko pale pale, juu ya mawe nyuma ya stoo, miaka kumi na mmoja. Kuku wa jirani walitaga kwenye kiti chako cha dereva mpaka Mama akawafukuza. Kila nikipita pale naiona ile siku: wewe kwenye usukani, Baba pembeni yako, sisi wengine nyuma na mizigo, tunakwenda kumzika Bibi. Injini ilikuwa na siku tisa tu tangu tuiunde upya sisi watatu. Nusu ya mlima ikaanza kugonga, ngo, ngo, ngo, halafu kimya. Baba akafungua boneti, akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakuta kikavu. Hakupiga kelele. Ingekuwa heri angepiga. Tulipopata lori la kutupakia, akakwambia wewe ubaki ulinde gari, na tulipofika kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Hajakusemesha tangu siku hiyo, nawe hujarudi nyumbani.

Hakuna aliyewahi kuifungua injini ile. Nilipoomba, Baba alisema, "Kilichoiua kinajulikana. Maiti haipasuliwi mara mbili." Lakini haijapasuliwa hata mara moja! Nataka niifungue kabla haijaondoka. Niambie kweli, wewe uliyekabidhiwa oili asubuhi ile: uliipima?

Mdogo wako,
Nati

21 Machi

Mdogo wangu Nati,

Mimi mzima. Mashati nayo mazima. Nina cherehani thelathini na sita chini yangu, zinalia siku nzima kama vifaranga, na hakuna hata moja iliyowahi kuninunia.

Barua yako imenikalisha chini. Kwanza nilicheka habari ya kuku, halafu nikairudia tangu mwanzo. Unajua nilichokikumbuka? Si mlima. Nilimkumbuka Baba ameinama juu ya injini ya mteja, ncha ya bisibisi kwenye chuma, mpini kwenye sikio, macho amefumba, mkono wa pili umetuinulia kidole tusipumue. Kisha anasema, "Silinda ya tatu," na inakuwa ya tatu kweli. Nilidhani watu wazima wote wanaweza kufanya hivyo. Na wewe unapita chini ya meza unaokota nati zilizoanguka, unazipanga kwa ukubwa kwenye kopo la maziwa, ole wake atakayezichanganya. Harufu ya mafuta ya taa, redio iliyokuwa inashika stesheni moja tu mpaka uipige kofi. Huku kiwandani kunanukia nguo mpya. Ni harufu nzuri, sikatai, lakini haijawahi kuninyima usingizi.

Kuhusu swali lako: mwache marehemu alale. Kila fundi anajua beringi ya konrodi, ule mkono unaoshikanisha pistoni na kranki, inakufa kwa nini. Vile vipande viwili vya nusu duara vimekumbatia kranki, na kati yao hakuna kitu ila utando wa oili. Utando ukikatika, chuma kinakula chuma. Oili ikipungua, au ikizeeka ikawa maji, au ikiingia mchanga, au dereva akiibebesha injini gia kubwa mlimani, mwisho ni ule ule, ngo ngo ngo. Baba alikuta kijiti kikavu. Kesi imekwisha.

Nilimwambia siku ile kwamba nimepima. Sina neno lingine la kuongeza. Hongera kwa gereji. Nilikuwa najua tangu enzi za lile kopo.

Kaka yako,
Fundi Cherehani

9 Aprili

Kaka! Kaka! Kaka!

Keti kitako kama umesimama. Nimeifungua.

Baba siku hizi huenda kliniki ya macho kila Jumanne na Mama humshika mkono, nami nabaki na gereji peke yangu. Jumanne iliyopita niliingia chini ya pikapu na beseni la kuogea la Mama (usimwambie), nikafungua bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Nilitegemea kikombe kimoja cha matope. Ikatoka oili, ikatoka, ikatoka, beseni likajaa mpaka nikapaza sauti peke yangu kama mwehu. Nimeipima, ni lita nne na robo. Injini ile inachukua lita nne na robo! Haikupungua hata kijiko!

Sasa umeelewa kilichotokea? Baba alipima mlimani. Gari limeinua pua, oili yote imekimbilia nyuma, na kijiti kiko mbele. Hata mimi leo nikipima pale nitakikuta kikavu. Fundi mkuu, mwenye sikio lake, alisahau jambo analomkaripia kila dereva: pima pasipo na mwinamo, injini ikiwa imepoa. Lakini siku ile alikuwa anakwenda kumzika mama yake. Nadhani hata jina lake alikuwa amelisahau.

Nimepasua na filta ya oili. Safi, hakuna mchanga. Kwa hiyo si oili wala si uchafu. Kaka, hukuua kitu. Umekaa huko miaka kumi na mmoja bure! Nilikaa juu ya tairi nikalia, kisha nikacheka, kisha nikaficha beseni.

Baba sijamwambia bado. Nataka nimletee jibu zima, siyo nusu. Jumanne ijayo nateremsha beringi zenyewe. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Nati wako

25 Aprili

Nati,

Nimeisoma barua yako mara nne, na mara zote nimetafuta mahali palipoandikwa kwamba unatania.

Itabidi nikwambie. Sikupima. Asubuhi ile nilikuwa napiga pasi shati la msibani, Baba akaniita kutoka uani, "Oili umeangalia?" nikajibu, "Nimeangalia." Nilidhani nitaangalia nikimaliza ukosi. Nikasahau. Pale mlimani aliponiuliza tena nilirudia uwongo ule ule, safari hii namtazama usoni, na nadhani aliuona. Kwa hiyo nilipoachwa na gari niliona ni haki yangu. Nilikaa kando ya barabara siku mbili. Mtu wa kulivuta gari alipokuja nilimpa funguo, nikapanda lori lililokuwa linakwenda upande mwingine.

Sasa unaniambia ilijaa. Nimefurahi, usidhani sikufurahi. Lakini nimetembea na mzigo huu muda mrefu kiasi kwamba leo nikiutua mgongo unauma.

Kama si oili, basi ni nini? Zisome beringi kama alivyotufundisha. Zikiwa na mikwaruzo, ni uchafu. Zikiwa zimelika katikati, ni mzigo mzito. Zikiwa zimelika kwenye kingo, pale nusu mbili zinapokutana, basi tundu lenyewe halikuwa duara, na hapo kosa ni la aliyeunda. Mimi ndiye niliyefungua injini ile na kupanga vifuniko vya konrodi kwenye kitambaa, na kifuniko kikifungwa kwenye konrodi ya mwenzake tundu halitimii duara. Kama nilivuruga mpangilio, niambie. Usinifiche kwa kunihurumia.

Kaka

8 Mei

Kaka,

Samahani kwa kuchelewa. Kuhama kumetubana, masanduku ni mengi. Beringi nimezitoa. Zimelika mpaka shaba inaonekana, zote nne. Sikuona jambo la maana zaidi ya hilo. Pengine ni mzigo, tulikuwa wengi siku ile. Chuma nacho huchoka. Mnunuzi wa vyuma anakuja wiki ya mwisho ya mwezi. Mama anakusalimia, goti limepata nafuu.

Nati

17 Mei

Nati,

Wewe uliyeniandikia kurasa mbili juu ya kuku, leo unaniandikia mistari sita juu ya beringi. "Chuma nacho huchoka." Nani kakufundisha kusema hivyo? Baba akisikia fundi wake anasema chuma kimechoka atakunyang'anya spana.

Chuma hakichoki kwa siku tisa. Umeona kitu. Nadhani umeona kosa langu nawe unanisitiri, kwa sababu umenipa furaha mwezi wa nne na huwezi kuja kuniomba uirudishe. Mdogo wangu, mimi nimeshazoea kuwa mkosaji. Hilo halitaniua. Kitakachoniua ni kutojua.

Nijibu.

Kaka yako

26 Mei

Kaka,

Si wewe. Ni mimi.

Nimeanza barua hii mara tano. Heri niandike tu.

Beringi zimelika kwenye kingo, pale nusu mbili zinapokutana, kama ulivyosema. Nikaangalia chale. Unazikumbuka chale? Baba hakupenda kuziita alama. Alisema injini ni mtu wa ukoo na mtu wa ukoo huchanjwa: konrodi ya kwanza kitone kimoja kilichogongwa kwa panchi, ya pili viwili, mpaka vinne, na kila kifuniko kichanjwe sawa na konrodi yake. Nilizitazama, zote zilikuwa sawa. Moja kwa moja, mbili kwa mbili. Nikafurahi. Halafu nikaviosha vifuniko kwa mafuta ya taa, na chini ya masizi nikaona namba ndogo za kiwandani, zimefifia, mpaka nikavisogeza juani. Kifuniko chenye chale moja kiwandani ni cha nne. Chenye chale nne ni cha kwanza. Cha pili na cha tatu vimebadilishana. Vyote vinne vilifungwa kwa konrodi isiyo yake.

Uliweka mpangilio vizuri kabisa. Injini ilikuwa imepinduliwa juu ya meza, wewe unachanja konrodi, na mimi nimekaa kwenye kreti upande wa pili na kitambaa mbele yangu, nina miaka kumi na minne, nimepewa panchi kwa mara ya kwanza maishani. Baba akasema, "Anza na ya kwanza." Ya kwanza kwenu ni iliyo upande wa feni. Ya kwanza kwangu ilikuwa iliyo karibu na goti langu. Nikapiga chale moja. Nakumbuka jinsi nilivyojisikia, Kaka. Nilikuwa na furaha mno. Nilimwonyesha Mama kidole chenye lengelenge.

Barua ya mistari sita ilikuwa ya woga. Baba alikuwa ameshawaambia mafundi wa mtaa mzima kwamba gereji ni yangu kwa sababu mkono wangu haukosei. Nikajisemea, pikapu itakwenda kuyeyushwa na chale zake, nani atajua? Nilikaa na wazo hilo siku kumi na nane. Nilikuacha huko ukijidhania mkosaji siku kumi na nane zaidi, juu ya miaka yote ile. Hilo ndilo linaloniumiza kuliko injini. Nisamehe kama unaweza, na kama huwezi leo nitasubiri.

Jana nilimwambia Baba. Nilimwambia habari ya oili, habari ya kupima mlimani, habari ya chale, yote kwa pumzi moja. Alinyoosha mkono, akaomba vifuniko. Akavipapasa kimoja kimoja kwa kidole gumba muda mrefu. Kisha akavirudisha, akaingia ndani, nikamsikia anamwomba Mama karatasi na kalamu yenye wino mzito. Mnunuzi wa vyuma amekuja leo, Baba amemwambia arudi zake, gari haliuzwi.

Nati

28 Mei

Mwanangu,

Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu ndogo sizioni. Mama yako alitaka aniandikie, nimekataa.

Dada yako Nati amenieleza. Anadhani kosa ni lake. Nimemwambia hapana, akadhani namhurumia. Wewe ni fundi, hata kama unashona mashati, utanielewa.

Chale hupigwa kifuniko kikiwa bado kimefungwa. Unachanja kwanza, ndipo unafungua. Ukifanya hivyo hata mtoto hawezi kukosea, ahesabu kutoka feni au kutoka gia boksi. Nilifundishwa hivyo na nikawafundisha wengine hivyo. Siku ile magari matatu yalikuwa yanasubiri, nikakwambia fungua, tutachanja baadaye. Kisha nikampa panchi mtoto wa miaka kumi na minne nikampa mgongo.

Halafu tulipozungusha kranki kwa mkono ilikuwa nzito. Ulisema, "Baba, inabana." Umesahau? Mimi sijasahau. Nilikujibu injini mpya ni kama kiatu kipya, itazoea. Injini mpya inabembelezwa kwanza, nami nikaipakia watu tisa nikaipeleka mlimani.

Pale mlimani niliposikia inagonga nilijua ni beringi kabla hatujasimama. Na moyoni nilikumbuka lile neno lako la kubana. Nikachomoa kijiti. Kilipotoka kikavu nilishukuru. Nisamehe, ndivyo ilivyokuwa. Nilishukuru kwamba ni wewe.

Mama yangu alifukiwa mimi nikiwa juu ya magunia ya watu kwenye lori. Nilihitaji mtu wa kumkasirikia, nawe ulikuwa karibu, na ulikuwa mwanangu, nikajua hutanipiga. Siku zilipopita nikaona haya kurudi nyuma. Haya ikawa mwaka, mwaka ukawa miaka. Sikuifungua injini kwa sababu niliogopa nitakachokikuta.

Hasira ilikaa mahali pa kilio. Mama yangu sijamlilia mpaka leo. Kaburini kwake nimekwenda mara moja tu, siku ile, nikasimama na vumbi la safari, nikageuka.

Sikuamuru uje. Sina tena mdomo wa kuamuru. Nimekuandikia ujue kwamba hukukosa.

Baba yako

10 Juni

Baba,

Shikamoo.

Barua yako niliisomea kiwandani, nimesimama katikati ya cherehani. Zilikuwa zinalia zote, kwa hiyo hakuna aliyenisikia.

Umeandika kwamba sikukosa. Nilikosa, Baba. Asubuhi ile sikupima oili. Niliona uvivu, nikakudanganya, na mlimani nikakudanganya tena. Kwamba sampu ilikuwa imejaa ilikuwa bahati tu, haikuwa kazi yangu. Usinisafishe kupita kiasi, nitashindwa kukutazama. Nati amekosa kidogo, mimi nimekosa kidogo, wewe umekosa kama ulivyosema. Nilipoliweka hivi kichwani mwangu, kila mtu na fungu lake, niliweza kula chakula cha mchana.

Nati mwambie simnunii. Nilimnunia siku mbili, nikachoka. Mwambie pia gereji ni yake na asije akamsikiliza mtu yeyote, wewe ukiwa wa kwanza. Fundi anayemfuata mteja wake baada ya miaka kumi na mmoja ili amwambie kosa lake mwenyewe, mimi ningemwachia gari langu nikalala.

Nimeomba likizo, nimepewa. Ninafika Jumamosi tarehe 27. Mama msimwambie mpaka siku ya siku, la sivyo atalia wiki mbili mfululizo na goti litamrudia.

Kitu kimoja nakuomba. Wewe ulifika umechelewa, lakini ulifika. Mimi nilibaki barabarani na gari, sijui hata alilazwa upande gani. Bibi alinilea mpaka nikaota meno, nami namwombea miaka yote hii nikitazama ukutani. Jumapili asubuhi nataka twende kwake, wewe na mimi. Kama una kilio chako, mimi pia ninacho changu, hakijaguswa.

Safari hii usitangulie, Baba. Nisubiri.

Mwanao